Bomba la Zege Mbele ya Duka la Mizani

Pu! Sauti moja tu usiku, nzito, ikatikisa vikombe kabatini, na mbwa wakamalizia. Kulipopambazuka tukakiona kilichoanguka: bomba la zege, la kijivu, refu kama kitanda, pana kiasi cha mtu mzima kuchutama ndani, limelala ukingoni mwa korongo mbele ya duka la Chhotalal. Ni korongo lile lile ambalo mvua za mwaka jana zililigeuza mto, likakata barabara ya sokoni, likabeba nyumba tisa kuzipeleka ziwa Singidani. Na kando yake, tangu mwaka jana, limesimama lundo letu la mawe, refu kuliko paa la duka; akija mgeni Singida tunamwonyesha lundo kwanza, ziwa baadaye. Sasa hili bomba limeletwa na nani, kwa fedha ya nani? Hilo ni swali la kijiwe, na kijiwe chetu ni benchi la barazani kwa Chhotalal. Yeye tunamwita Mizani, maana hata salamu huipima kabla ya kuitoa. Redio ndiye muuza kahawa, na habari zake hutoka kabla mambo hayajatokea. Mzee Petro ni Mzee Reli, alipiga nyundo relini Manyoni tangu ujana. Mwisho wa benchi, baiskeli imepinduliwa mbele yake, hukaa Bonaventura fundi. Maneno yake ya kutwa hayajazi kikombe cha kahawa, basi anaitwa Kimya.

Redio: Nilisema mimi! Jana sikusema?

Mizani: Jana ulisema sukari inashuka bei.

Redio: Na hili pia nilisema, ila moyoni. Hili ni la Wachina, jamaa. Wanajenga reli ya Zambia, vifaa vimewazidi, wanagawa. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mzee Reli: Wachina wapitie Singida kwenda Zambia? Hata mbuzi aliyepotea hashiki njia hiyo.

Redio: Haya, sema wewe, Mzee.

Mzee Reli: Niseme nini nawe hujaniamkia?

Redio: Shikamoo, Mzee.

Mzee Reli: Marahaba. Sasa weka hiyo birika chini usikilize. Hilo si bomba. Hilo ni handaki.

Mizani: Handaki!

Mzee Reli: Reli yetu ya kutoka Manyoni, Mwingereza si aliing'oa? Nilikuwepo, nililia kama mtoto. Sasa serikali yetu inairudisha, ila safari hii inaipitisha chini ya ardhi, mtu asiing'oe tena. Hicho ni kipande cha kwanza.

Mizani: Treni ipite humo, Mzee? Labda treni ya sisimizi.

Mzee Reli: Bandu bandu huisha gogo. Inaanza nyembamba, inanenepa ikifika stesheni.

Redio: Mizani, mbona unacheka tu? Toa yako tuipime.

Mizani: Yangu ni ya maji. Singida ina maziwa mawili, Kindai na Singidani. Ndugu hao. Kila masika mmoja anataka kwenda kumsalimia mwenzake, na sisi tumejenga mji njiani. Mwaka jana walipitia dukani kwangu, wakabeba magunia sita ya chumvi, hata hodi hawakupiga. Serikali imeona bora kuwapa mlango wao wenyewe.

Redio: Na fedha ya mlango katoa nani? Hapo ndipo hamjui. Mimi najua.

Mzee Reli: Sasa hivi tu ulijua Wachina.

Redio: Nimefikiri zaidi. Azimio lilisema nini? Wanyonyaji wakatwe mirija. Ikakatwa, kweli? Sasa mirija yote ile mlidhani imetupwa wapi?

Mizani: We Redio!

Redio: Huo hapo! Mrija wa bepari mkubwa, ule wa Dar es Salaam. Angalia unene wake. Aliyekuwa ananyonya kwa mrija huo alikuwa hanyonyi mtu mmoja, alikuwa ananyonya tarafa nzima!

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Na katikati ya kicheko hicho spana ikaanguka. Kimya alikuwa ametazama barabarani, na kabla hatujageuka alikwisha ingia bombani, kichwa kwanza, soli za viatu zikifuata.

Mzee Reli: Abiria wa kwanza huyo! Si niliwaambia ni reli?

Mama Yustina alikuwa anakuja, karai la mawe kichwani, shingo imenyooka. Kimya amemwoa binti yake Yustina, na kwa mila ya kwao mkwe hakutani na mama wa mkewe njiani, hali naye sahani moja, na jina la mama huyo halipiti mdomoni mwake. Siku nyingine fundi hujificha nyuma ya magunia ya Mizani. Leo alikuwa amepata nyumba ya zege.

Tukamwamkia sote. Akaitikia, akapita, akapiga magoti kwenye lundo, akaanza kupanga mawe yake moja moja, kubwa chini, dogo juu.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja, amevaa viatu vya vumbi, jalada kwapani na kalamu ya risasi sikioni. Akamwamkia Mzee Reli kwanza, kisha Mizani, kisha akasema jina lake ni Elizabeti, karani wa maendeleo mkoani.

Elizabeti: Samahani kwa kelele za usiku. Lori lilikuwa linakwepa korongo lenu, likainama, likaangusha moja. Yamebaki ishirini na tatu, lori liko bomani.

Redio: Ishirini na tatu! Ya Wachina?

Elizabeti: Ya nani tena?

Mizani: Usimjibu, dada. Tuambie, nani ameyalipia?

Elizabeti: Nyinyi.

Mzee Reli akakohoa kidogo.

Elizabeti: Mfuko wa maendeleo wa mkoa unatoa mabomba na saruji pale tu wananchi wanapotoa sehemu yao. Wengine waliahidi nguvu kazi, tukawapa tuliyokuwa nayo. Nyinyi hamkuahidi, mlianza kazi. Bwana wa ujenzi alikuja akapima lundo hili kwa kamba, akapima tena, akadhani kamba imekosea. Hakuna mji mwingine mkoani wenye mawe kama haya.

Ninakiri, tulikaa vizuri zaidi kwenye benchi. Hata Redio alimimina kahawa kwa mkono wa mtu mwenye cheo.

Redio: Dada, kunywa. Kwa mgeni wa leo, kikombe cha kwanza changu.

Elizabeti: Asante. Lakini fomu yenu ina tatizo. Desemba iliyopita ilirudishwa, na leo isipokamilika dereva anaendelea na safari. Shelui wana korongo pia, na fomu yao imejaa. Hapa panauliza jina la aliyeanzisha kazi. Ndiye atakayekabidhiwa mabomba na kuisimamia. Nyinyi mliandika, "wananchi wote."

Mzee Reli: Si kweli? Wote tumebeba.

Elizabeti: Ni kweli, Mzee. Ila kitu kikikabidhiwa wote, kikipotea hakuna wa kuulizwa. Kamati imekataa.

Redio: Basi andika Anselm. Ndilo jina langu la ubatizo.

Mzee Reli: Wewe ulianzisha nini zaidi ya uvumi? Andika Petro. Nyundo zilikuwa zangu.

Mizani: Na makarai yalitoka wapi? Kumi na mawili, dukani kwangu, na hayajarudi.

Redio: Mwenda tezi na omo...

Mzee Reli: Tezi ndiyo nini?

Redio: Sijui, lakini inahusu mabomba.

Elizabeti aliwaacha wachoke. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia:

— Jiwe la kwanza aliliweka nani?

Mizani ndiye aliyejibu, na safari hii hakupima.

Mizani: Mama Yustina. Yule pale. Wiki chache baada ya mafuriko alipanda mwamba wa juu ya soko, peke yake. Akauzungushia kuni na mabua, akauchoma kutwa nzima, jioni akaumwagia maji baridi. Ukapasuka. Nilisikia mlio wake nikiwa hapa ninafunga duka.

Mzee Reli: Akaja na jiwe kichwani, akaliweka hapo. Tulicheka, Mungu atusamehe. Kesho yake akaja na la pili. Wakamfuata wanawake wa sokoni, wakafuata watoto wa shule. Sisi wanaume tulifika mwisho, ndio tukaimba kuliko wote.

Elizabeti: Vizuri. Mama Yustina ni mama wa Yustina. Yeye mwenyewe anaitwa nani?

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Mizani akatazama kofia yake. Mzee Reli akaanza, "Anaitwa..." na neno likamfia. Mwaka na nusu tumembebea mawe mama huyu, tumekula magimbi yake, tumemsifu kwa wageni, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwuliza jina.

Elizabeti akamwendea kwenye lundo. Tuliwasikia.

— Shikamoo, mama. Naomba jina lako kamili.

— Marahaba, mwanangu. La nini?

— La fomu.

— Andika wananchi. Jina halizibi korongo.

Na akaendelea kupanga mawe, Elizabeti akarudi barazani. Kule bomani honi ya lori ikalia mara ya kwanza.

Mizani: Yustina mwenyewe yuko wapi?

Redio: Iguguno kwa shangazi yake, wanapura alizeti. Harudi kabla ya Jumamosi.

Mzee Reli: Yuko mtu mmoja anayelijua.

Macho yote yakaenda kwenye bomba. Soli mbili za viatu zilikuwa hazitikisiki.

Elizabeti: Si aseme?

Mzee Reli: Hawezi, binti. Ni mkwe. Akilitaja ni fedheha, na faini ya kondoo juu yake.

Elizabeti: Basi aandike. Kalamu hii hapa.

Mzee Reli: Kuandika ni kutaja kwa kidole. Tena la mdomo hupeperuka, la karatasi hukaa.

Honi ikalia mara ya pili. Kahawa ya Redio ilikuwa imebaki machicha. Ndipo sauti ikatoka bombani, na kwa kuwa hatukuizoea, na kwa kuwa zege liliikuza, hatukujua mara moja ni ya nani.

Kimya: Dada karani.

Elizabeti: Naam, kaka.

Kimya: Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kati ya zile tisa. Usiku ule Yustina alikuwa na uchungu. Mama yake alikuwa naye ndani, kwa hiyo mimi nilisimama nje, maji kiunoni, nikishika taa dirishani. Siku ya posa waliniambia jina la mama mara moja tu, ili nijue ni lipi la kutotaja. Nikalificha vizuri.

Redio akaweka birika chini.

Kimya: Nikauona ukuta wa nyuma unainama, nyuma ya mgongo wake. Nilitaka kumwita ageuke. Mvua ilipiga bati, ukisema "mama" husikiki, na ndani walikuwa wawili, wa kuitwa mama na wa kuwa mama. Jina lake lingemgeuza. Sikuweza. Nikapiga mluzi. Nilimpigia mama wa mke wangu mluzi kama anavyopigiwa mbuzi. Aligeuka, akauona ukuta, akambeba Yustina mgongoni, akatoka naye. Mtoto akazaliwa hapo ulipo wewe, barazani kwa Mizani, juu ya gunia la mtama. Sasa anatembea.

Mizani: Ni kweli. Gunia lile sikuliuza.

Kimya: Mluzi ule haujatoka masikioni mwangu. Kondoo nitampeleka kwa wazee, hata wawili. Jiandae, dada.

Elizabeti akachomoa kalamu sikioni. Kwenye lundo Mama Yustina alikuwa ameinuka, jiwe mikononi, ametugeuzia mgongo, na jiwe lile hakuliweka chini. Honi ikaanza kulia mara ya tatu, na jina likatoka ndani ya zege likaifunika, kubwa kuliko mtu aliyelitaja, likashuka korongo lote kuelekea ziwani:

— Damari! Damari binti Njoghomi!