Darasa la Vidudu Nampa Mwamvita

Sogeeni, wanangu. Gozbert, acha kusimama mlangoni kama mgeni, vuta kigoda ukae. Annastella, kaa pale nitakapouona uso wako, usijifiche nyuma ya kaka yako. Na wewe Ta Kashaija, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kaa mezani na karatasi zako, uandike ninachosema kama ninavyokisema, hata yale utakayoona haya kuyaandika mbele ya wenyewe. Daktari wa Bukoba ameniambia moyo wangu umetanuka na umechoka, akanirudisha hapa Izigo na vidonge vya wiki mbili, na mimi niliyefundisha watoto kuhesabu kwa miaka arobaini na mitatu sihitaji kuelezwa wiki mbili ni nini. Mlidhani nimewaita niwagawie vitu kwa sauti ya upole, tulie kidogo, tunywe chai. Sina upole leo. Nimekasirika, na hasira hii ndiyo iliyonikalisha kitako asubuhi wakati miguu imekataa, kwa hiyo asiniambie mtu nipumzike, wala asinitajie presha. Nyamazeni mnisikilize.

Nitaanza na Ephrasia, mjukuu wa jirani yetu wa kule bondeni, mtoto wa miaka mitano. Novemba iliyopita, senene walipoanguka, aliamka alfajiri na bibi yake wakaenda kuwaokota kwenye majani yenye umande, akawatia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko wapate hewa, akaja nalo darasani kwa sababu alitaka kumwonyesha mwalimu. Ndivyo afanyavyo mtoto anayempenda mwalimu wake. Kopo likafunguka, senene wakaruka, darasa zima likainuka kwa kicheko, na Ephrasia akawa anawakimbiza huku akiwaita kwa Kihaya, yule wa kijani, yule wa kahawia, yule mwenye rangi ya zambarau ambaye hapatikani kila siku. Wewe, Annastella, niliyekuachia uongozi wa shule yangu, ukatoka ofisini kwako. Ukamwaga senene wa mtoto chooni. Ukamvika shingoni kile kibao chenu cha wanaosema Kihaya, ukamsimamisha kwenye mlingoti wa bendera kuanzia saa nne, mvua ikaja ikamkuta pale, na hukumwondoa mpaka saa saba. Hakulia. Tangu siku ile hajatamka neno ndani ya darasa lile. Bibi yake alikuja kwangu, waitu, wapendwa, hakuja kugomba, alikuja kuniuliza kama ninajua dawa ya mtoto aliyeacha kusema.

Nilikuita, ukaja na simu mkononi. Ukanieleza kwamba wazazi wanataka Kiingereza, kwamba kuna mtihani wa kuingia darasa la kwanza, kwamba senene ni uchafu na hiyo shule sasa ina jina. Nikakuuliza mtoto amekosa nini. Ukanijibu, nami sitalisahau hata kaburini: "Mama, zama zako za kucheza zimepita. Sasa tunafundisha."

Sasa mnafundisha. Basi nikwambie mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo.

Nilianza darasa la vidudu kwenye banda la kuanikia kahawa la baba yenu Rutaihwa, Mungu amrehemu, pamoja na Siti, mwalimu aliyeletwa kutoka Miembeni, Bukoba mjini, binti wa Kiislamu aliyekuwa hajawahi kushika jembe wala kulala mahali pasipo na taa ya umeme. Hatukuwa na kitabu. Tulihesabu kwa buni mbichi na buni kavu, tuliandika herufi kwenye majivu, na msimu wa senene ulipofika, kila mtoto alikuja na wake, tukakaa chini tukawachambua pamoja, tukahesabu: senene mmoja ana miguu sita, wawili wana mingapi, watatu je, na wale wa miaka sita walikuwa wanafika hadi senene kumi wakiwa na vidole vyenye mafuta, bila kujua kwamba wameshafundishwa kuzidisha. Kisha tukawakaanga, tukala. Nani aliyekwambia huko si kufundisha?

Krismasi ilipokaribia tulijenga pango kwa majani makavu ya migomba, na wazee walikuja kutazama watoto wakiigiza. Mwaka mmoja yule aliyekuwa Maria alibanwa na mkojo katikati ya mchezo, akainuka akaenda zake nyuma ya banda na mtoto Yesu wa kitambaa kifuani, na alipoulizwa kwa nini hakumwacha horini, akasema mama hamwachi mtoto peke yake. Padre alicheka mpaka akakaa chini. Na Idi ilipofika, Siti alipika pilau uani kwake, akawapaka wasichana hina, wavulana wakalia kwamba wameonewa, basi akamtia kila mvulana nukta moja kwenye kiganja, na mmoja hakunawa mkono huo siku nne. Katekista alikuja kunionya kwamba nawaharibu watoto wa Kikatoliki. Nikamwambia aje ale pilau. Alikuja.

Nilikuwa narudi nyumbani ninanuka mkojo wa watoto na vumbi la chaki, baba yenu ananicheka, nami nina furaha ambayo sikuipata mahali pengine popote, si kanisani, si kwenye harusi yangu, na mnisamehe, si hata siku nilipowazaa ninyi. Mtoto anayelisoma jina lake kwa mara ya kwanza anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemuumba. Hiyo ndiyo mali niliyodhani nimewaachia.

Lakini msidhani nilizaliwa nikiwa mwema. Gozbert, tazama huku. Nilikuona juzi hospitali ukitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kisha mhudumu akaleta uji, ukahamishia kijiko kulia, haraka, kama mtu aliyeona fimbo. Mimi ndiye niliyekutia woga huo. Ulikuwa na miaka sita, mkaguzi alikuwa anakuja, nami niliona aibu mwanangu mwenyewe aandike kwa kushoto mbele yake. Nilichukua kamba ya mgomba, nikaufunga mkono wako kwenye mguu wa benchi. Ulikojoa pale ulipokaa. Siti aliingia, akatazama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu Georgina, huyu ndiye atakayekuzika. Mfungue." Mimi nikabaki nimesimama na kiburi changu, akapiga magoti akakufungua yeye, akakutia chaki mkono wa kushoto, na mkaguzi alipofika akakukuta unaandika jina lako ubaoni. Sikuwahi kukuomba radhi, kwa sababu mzazi wa hapa kwetu haombi radhi kwa mtoto. Leo nakuomba. Nimejikasirikia kwa jambo hilo miaka arobaini na zaidi, na kila furaha niliyowapa watoto wa watu baada ya siku ile niliifundishwa na Siti. Kwa hiyo, Annastella, ninapokukasirikia, jua kwamba ninaitambua vizuri kazi ya mikono yako. Ilikuwa kazi ya mikono yangu kwanza. Tofauti ni kwamba mimi nilipoambiwa, niliona haya.

Tuendelee. Kashaija, unaandika?

Ilipofika Desemba mkafuta sikukuu yetu ya kufunga shule. Gozbert, ulituma majoho kutoka Dar es Salaam, mkaita mahafali, watoto wa miaka mitano wamevaa kofia za wasomi, na ambaye mzazi wake hakulipia joho akaambiwa abaki nyumbani. Walibaki kumi na mmoja. Nikatuma neno kwa kila nyumba kwamba sikukuu ipo, siku ileile, uwanja uleule, kila mtoto aje na kitu cha kwao cha kula na bibi au babu wa kumshika mkono. Nilikwenda na fimbo yangu, nimebebewa ngoma. Nikakuta geti limefungwa kwa kufuli. Geti la kiwanja changu. Nikasimama barabarani na wazee wenzangu na watoto wenye vikapu vya ndizi na karanga, na ndani wageni wako, Annastella, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakitutazama kupitia nondo.

Aliyefungua ni Mwamvita, binti wa mwisho wa Siti, mwalimu msaidizi uliyekuwa unamtuma kufuta vumbi. Alikuchukulia funguo mezani mbele ya macho yako, akatembea, hakukimbia, akafungua. Watoto wakaingia kama maji. Wale wa majoho wakawaona wenzao, wakavua makofia yao, na kabla hujapata kipaza sauti ngoma ilikuwa inalia, na wazazi wako wa mjini, wale unaosema hawataki michezo, walikuwa wamevua viatu wanacheza na watoto wao, kwa sababu wengi wao niliwafundisha mimi na nyimbo wanazijua. Ephrasia alikuja amemshika bibi yake. Hakuimba. Mwamvita alichuchumaa mbele yake, hakumwomba aseme kitu, akawa anampigia makofi tu polepole, na mtoto akapiga naye. Nami nikacheza. Najua daktari alikuwa amenikataza. Nilianguka pale, na ninyi mkasema wimbo umeniua. Nilianguka nimefurahi, wanangu, na kilichonipeleka kitandani hasa ni habari iliyonifikia siku ya pili, kwamba umemfukuza Mwamvita kazi kwa kufungua geti, na kwamba wewe, Gozbert, uliposikia, ulisema afadhali. Kisha mkakaa kwenye baraza la wodi yangu mkichoreana ramani ya ghorofa ya kujenga kwenye kiwanja changu, mkidhani nimelala.

Sikulala.

Basi andika, Kashaija. Kibanja ni cha ukoo, alikipokea Rutaihwa kwa baba yake, na mimi sina mamlaka ya kukihamisha. Ni cha Gozbert, pamoja na kahawa yake na makaburi yake, ila asikate mgomba hata mmoja ili kupitisha gari. Nyumba hii, vyombo na ng'ombe wawili ni vya Annastella, na asiyeolewa asifukuzwe kwao, mtu asije akamwambia yeye ni mwanamke. Lakini kile kiwanja cha darasa nilikinunua kwa mshahara wangu, hati ina jina langu peke yangu, na baba yenu aliishuhudia. Kiwanja, madarasa mawili, mikeka, mbao za kuandikia, ngoma kubwa na ndogo, vyote nampa Mwamvita binti Siti. Awe mwenye mali, asiwe mlinzi wenu. Afundishe Kiingereza akitaka, sijawahi kukichukia Kiingereza, lakini kibao kile kichomwe kama kuni, na sikukuu zirudi, ya Krismasi na ya Idi na ya senene, na mtoto asiye na kitu cha kuleta apewe ngoma apige.

Usinyanyuke, Gozbert. Najua unachotaka kusema, kwamba si damu yetu, kwamba si dini yetu, kwamba watu watasema. Waseme. Siti aliniokolea mwanangu kutoka mikononi mwangu mwenyewe. Ukimpeleka Mwamvita mahakamani, Kashaija hapa atabaki na nakala, na padre atapelekewa nakala, nami nitakuwa nimekufa nimekukasirikia, jambo ambalo sitaki.

Nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Annastella. Unalia, na mimi sijamaliza. Kesho asubuhi nenda kwa akina Ephrasia. Nenda kwa miguu. Usibebe zawadi, usiseme kwa Kiingereza. Chuchumaa mpaka macho yako yalingane na yake, umwambie kwa Kihaya, lugha ya mama yako, kwamba ulikosea. Asipokujibu, usimlazimishe. Rudi tena kesho kutwa. Kisha ukitaka kufundisha, nenda ukamwombe kazi Mwamvita, uanze na wale wadogo kabisa, wanaolia wakiachwa na mama zao asubuhi. Nakujua. Wewe mwenyewe ulilia mwezi mzima, Siti akakubeba mgongoni akiwa anafundisha. Una mikono mizuri ya kushika watoto. Ndiyo maana nina hasira hivi. Ingekuwa huna, ningenyamaza.

Mkinizika, hotuba zisiwepo. Watu wazima wafupishe. Watoto wa vidudu msiwafukuze kaburini, waacheni wasogee waone, wakiuliza maswali, wajibuni kweli. Wakitaka kuimba, waimbe. Wakichoka wakaanza kucheza, mwacheni... waacheni.

Nimechoka sasa. Pumzi imekuwa fupi.

Gozbert, inama. Mungu aliyekupa mkono huo aubariki. Ukila, ule, na ukiandika, uandike, kwa huohuo. Annastella, na wewe inama. Mungu akurudishie kicheko chako. Akupe watoto wengi wa watu. Muwe na chakula. Msigombane juu yangu nikiwa bado... nikiwa bado sijapoa. Kwa jina la Baba, na la Mwana... malizieni wenyewe.

Kashaija, andika hivi. Georgina alikuwa na hasira, na amewabariki. Yote mawili. Usifute moja.

Lete kalamu nitie sahihi. Iko wapi... sawa, nimeishika. Nzito. Annastella, njoo, weka mkono wako juu ya wangu. Hivyo. Usiandike wewe. Nishikilie tu, niandike.