Mama Kandamiza na Poda Yake ya Wanga

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, kifungua mimba wa fundi mitambo na mshonaji. Shule ya msingi alisoma hapo hapo mtaani, akitwangana na wavulana na kuwashinda. Alihitimu uuguzi mwaka 1989.

Alianzia chumba cha majeruhi, walikoletwa waliokatwa mapanga na waliopasuliwa kwa chupa. Baadaye alihamia karakana inayotengeneza poda ya wanga wa viazi. Ikiwekwa kwenye jeraha hufyonza maji ya damu, damu ikaganda upesi. Aliwafundisha wauguzi kuitumia, na subira hakuwa nayo. Aliyeimwaga juu ya dimbwi la damu alikiona cha mtema kuni. "Unanipikia uji? Futa kwanza! Mwaga palipochanika, kandamiza, na usifunue kuchungulia!" Wakamwita Mama Kandamiza.

Enzi zile za chumba cha majeruhi, shemeji yetu, fundi wa kuchomelea, aliletwa kwake diski ya kukatia chuma ilipopasuka na kumchana mkono. Dada alimkandamiza kwa goti huku akimgombeza. Alipopona alirudi kulalamikia lile goti, akajikuta anamchumbia. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1992.

Hakuugua. Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, nje ya duka la dawa, umati ulikuwa unamponda mwanamume aliyedaiwa kukwapua simu. Walimvunja meno, wakamkata paja, damu ikaruka hadi ukutani. Dada alipenya katikati yao. "Mtamuua mtu kwa simu?" Pakiti ya poda haikukosekana mkobani mwake. Alifuta, akamwaga, akakandamiza. Jiwe alilorushiwa yule mtu likampata yeye nyuma ya sikio. Aliyelirusha anajijua. Dada hakuinua mikono mpaka gari la wagonjwa lilipofika, ndipo akaanguka. Damu ilivujia ndani ya fuvu, ambako poda haifiki. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa tano asubuhi. Inatuuma, na tuna hasira.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, wadogo zake watatu na mama mzazi. Yule mwanamume ataletwa mazishini kwa kiti cha magurudumu, na tumesikia wapo walioapa kummaliza hapa hapa kaburini. Mama ameomba kiti chake kiwekwe ubavuni mwa kile cha huyo mtu. Amesema, "Mwanangu amekufa akimzuia huyu asife. Anayemtaka aanze na mimi."

Dada, mikono yako na ipumzike kwa amani.