Liao Chin-fu na Mialiko ya Bi. Kuo Su-lan

Marehemu Liao Chin-fu alizaliwa Lugang, Taiwan, tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa tatu wa mzee Liao Shui-mu, mtengeneza udi, na Bi. Huang Chiao. Tangu udogoni alikuwa mwepesi wa kinyaa: mtu akidanganya mezani, yeye aliweka chini vijiti vyake vya kulia na kuondoka.

Alisoma Lugang, kisha shule ya ufundi Changhua, akahitimu mwaka 1981. Baada ya jeshi aliajiriwa na kiwanda cha nyuzi mjini Taichung, akapanda hadi kusimamia kompyuta za ofisi. Kutwa alishughulikia mialiko ya vikao kwenye kalenda za barua pepe: huyu mwaliko haukumfikia, yule umemfikia mara mbili, mwingine kikao chake kimesogea saa moja kwa kuwa kompyuta yake bado inafuata saa za Osaka, Japani.

Tarehe 14 Oktoba 1990 alimuoa Shih Yueh-o, wakajaliwa Yi-chen na Po-han. Watoto wakidai hawakupata habari ya chakula cha jioni, aliuliza, “Hukuipata, au uliipata ukaifuta?” Meza nzima ilicheka.

Aprili 2016 Bi. Kuo Su-lan, mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani, alifukuzwa kazi kwa madai ya kususia vikao vya usalama. Alimjia marehemu.

“Kaka Fu, sijaona hata mwaliko mmoja. Wananicheka eti kompyuta imenishinda.”

Marehemu alichunguza. Mialiko ilikuwa imefika yote. Katibu wa meneja, aliyeruhusiwa kufungua kalenda ya Su-lan wakati Su-lan alipokuwa amelazwa hospitalini, hakuwahi kuondolewa ruhusa hiyo. Alikuwa akijibu “sitahudhuria” kwa niaba yake, kisha kuifuta mialiko hiyo. Na aliyemtuma ni meneja mwenyewe. Marehemu akaenda kunawa uso.

Meneja alimwita. “Andika kwamba alikataa mwenyewe. Jina linaloonekana ni lake, au sivyo?”

“Jina ni lake. Kidole si chake.”

“Usijitie utakatifu, Liao. Umebakiza miaka michache ustaafu.”

“Basi niimalize bila kutapika.”

Aliyasema yote mbele ya wapatanishi wa migogoro ya kazi. Su-lan alirudishwa kazini. Marehemu akatupwa ghalani hadi alipostaafu mwaka 2023. Mkewe alipomuuliza kukoje huko, alijibu, “Kunanuka panya, mama Yi-chen. Lakini panya hawanichekei usoni.”

Julai 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Taichung. Wakubwa wa kiwanda walipokuja na kapu la matunda, aligeukia ukutani. “Waambie nimelala,” alimnong'oneza mkewe. “Na hayo matunda waondoke nayo.” Su-lan alipoleta uji wa chaza, aliomba ainuliwe akae, akala, wakaongea mpaka muuguzi akamfukuza mgeni.

Alifariki nyumbani mchana wa tarehe 2 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi. Shih Yueh-o, binti, Yi-chen, mwana, Po-han, na mkewe Wu Ching-ju, mjukuu mmoja, Jui-an, na dada yake, Liao Hsiu-chin, anayesoma wasifu huu. Shada la maua kutoka kiwandani limewekwa nje ya lango, kama alivyoagiza mwenyewe.

Kaka yetu apate pumziko, na amani ikae naye.