Vifungo vya Mwanzia

Sikilizeni wanangu, wewe Waweru na wewe Nyawira, na huyo Mwanzia asitoke nje. Maneno haya yanamhusu, tena akili yangu inaingia ukungu na sina nguvu ya kuyarudia.

Shamba la Mugutha mmekwisha kugawana, lisiwagombanishe. Duka la ushonaji hapa Thika nawaachia, na cherehani zote mbili. Linalonikosesha usingizi ni huyu fundi wangu. Waweru, nilikusikia ukimwambia dada yako kwamba nikishazikwa tu, Mwanzia atafute kwingine, maana wateja hawataki kupimwa nguo na mwizi.

Alipokuja kuomba kazi nilimwuliza, "Vifungo unavijua?" Akainamisha kichwa, akasema, "Navijua, mzee. Nimemaliza viwili." Mimi nikadhani ni vya shati! Nikampa sindano na uzi. Kumbe mwenzangu ananitajia jela, na ushonaji wenyewe alifundishwa huko huko, akishona kaptura za wafungwa. Nilikuja kuambiwa na mteja, huku nusu ya kanisa la Gitothua imeshavaa kazi yake. Je, nilimwajiri kwa huruma au kwa uziwi? Mpaka leo sijui. Tunasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na huyu alirudia! Sasa methali hiyo niiweke wapi?

Na wewe, Waweru baba, ndiye unayenichanganya zaidi. Juzi tu umetoka kizuizini, ukazunguka Ruiru yote, kila mlango unaambiwa hakuna kazi, ukarudi kwangu ukilia. Leo unasema, "Mimi nilifungwa kwa ajili ya ardhi, yeye kwa baiskeli ya mtu." Ni kweli, si sawa. Lakini aliyefukuzwa mlangoni, njaa yake ina tofauti gani na yako? Nyani haoni kundule, mwanangu. Nakupenda, lakini hapo umeniudhi.

Basi, cherehani ni zenu, ufunguo wa duka ashike Mwanzia. Asiyetaka kumngoja afungue, asishone. Kama nakosea, Ngai anisamehe, mimi sioni vizuri tena...

Nyawira, niinue. Njooni niwatemee mate kifuani, kama baba yangu alivyonibariki. Mwanzia pia. Waweru, msogee kidogo apate nafasi... Mdomo umekauka, mate ni kidogo. Kaeni karibu... karibu zaidi, mgusane mabega... yawafikie wote.