Bibi Brashi na Shingo ya Twiga

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karakana ya hospitali yetu itabaki na meza moja tupu. Mchoraji wetu wa vibao na kuta, ambaye wote tunamwita Bibi Brashi, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoanza kazi alikuwa Dada Brashi. Alipojifungua binti yake akawa Mama Brashi, na nywele za mbele zilipoanza kuwa nyeupe, wauguzi wakampandisha hadi Bibi bila kumwuliza. Anasema hicho ndicho cheo pekee alichowahi kukipata kwa wakati.

Nimeombwa niandike machache kwa sababu mimi ni seremala wa karakana hiyo na meza yangu iko ubavuni mwa yake. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mtu wa kusifu ovyo. Simvishi mtu kilemba cha ukoka, hasa mtu ambaye kwa miaka yote hii ameifanya chai yangu inuke mafuta ya taa anayooshea brashi. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa yachukuliwe kuwa ni ya kweli.

Kama umewahi kufika maabara bila kumwuliza mtu njia, mshukuru yeye. Vibao vya wodi, namba za milango, maneno ya kuwaomba watu wasiteme mate kwenye ngazi, vyote vilitoka kwenye mkono wake. Alifunzwa na shangazi yake aliyekuwa akiandika majina ya maduka, na kutoka kwa shangazi huyo alirithi kijiti cha kuegemezea mkono na tabia ya kutokuwa na papara. Hiyo tabia, kwa mtu kama mimi ninayetaka kila kitu kiwe kimeisha jana, imenitoa kijasho mara nyingi.

Kosa lake maarufu kuliko yote alilifanya katika mwaka wake wa kwanza. Alichora kibao kizuri sana cha wodi ya wazazi. Herufi zilisimama wima, rangi ilikolea, na mshale ulinyooka vizuri kuelekea kushoto. Kushoto ni chumba cha maiti. Asubuhi nzima akina baba, wameshika chupa za chai na mifuko ya nguo za mtoto, walikuwa wakigonga mlango wa mhudumu wa maiti, mtu mpole ambaye mpaka leo hajazisahau sura zao. Mwingine angejificha wiki nzima. Yeye alikwenda akawaomba radhi mmoja mmoja, akakiteremsha kibao, akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akachora kingine.

Kile cha kwanza hakukitupa. Alikipigilia msumari ukutani juu ya meza yake, na kwa kuwa mshale ulielekea kwenye meza yangu, kila mgeni aliyeingia karakana aliniuliza natarajia kujifungua lini. Baadaye vibao vingine vilivyoharibika vilikifuata kile: chenye matone, chenye herufi zilizobanana mwishoni, chenye alama ya kiwiko changu. Aliviita wadogo zake. Alikuwa akituambia kwamba mdogo wako akikosea humfukuzi nyumbani, unamwonyesha naye anarudia. Mimi nikikosea kipimo huitupa mbao na kuitukana juu yake, na mara nyingi ameiokota mbao hiyo akaipangusa vumbi, akanirudishia mezani.

Lakini jambo ambalo karakana nzima itamkumbuka nalo ni kitambaa chekundu. Kila asubuhi, kabla ya kupokea kazi ya mtu yeyote, alikifunga kitambaa hicho kwenye kitasa cha mlango, akaketi, akachora. Hakuchora kazi ya hospitali. Alichora, kwenye kipande kimoja cha plaiwudi, chochote kilichokuwa mbele yake: kikombe, ndala yake, sikio la dereva wa gari la wagonjwa akiwa amesinzia. Kitambaa kikiwa mlangoni hakuna aliyemsemesha, simu iliachwa ilie, nami nilipiga randa taratibu kama mwizi. Siku moja mkurugenzi mwenyewe alikuja na karatasi mkononi, akakiona kitambaa, akageuka akarudi ofisini kwake. Chai ilipofika, Bibi Brashi alikifungua, akaipaka plaiwudi yake rangi nyeupe juu ya mchoro, na kuuliza nani ana shida gani.

Plaiwudi ni ile ile hadi leo. Imepakwa rangi mara nyingi mno hata imekuwa nene kama mlango. Niliwahi kumwambia kwamba inaniuma kuona michoro mizuri ikifutwa. Akanijibu kwamba alichokuwa akikitafuta pale si mchoro, ni kukaa. Siku ambazo kichwa kilikuwa kizito alichora kidogo. Siku ambazo kilikuwa kizito zaidi, aliikwaruza mistari miwili mitatu, akajiambia kwa sauti, "Haya mama, leo imetosha," akaenda kuchukua kikombe chake. Sikuwahi kumsikia akijisema vibaya, na kesho yake kitambaa kilikuwa mlangoni tena.

Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Aliletwa hapa hapa kwetu, akalazwa katika wodi aliyoichorea kibao yeye mwenyewe, na mkono wa kulia ukawa umelala ubavuni kama si wake. Siwezi kuandika hapa kwamba tulijipa moyo. Nilirudi karakana, nikaiona ile plaiwudi, nikalia. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu kabla yake, alikaa kando ya kitanda akimkunja na kumkunjua vidole kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huku akimlalamikia kwamba sasa hakuna atakayemharibia mashati kwa rangi.

Aliporudi kazini mkono ulikuwa ukitetemeka na kuchoka upesi. Wakati huo ofisi ilikuwa imekwisha kununua mashine ya kuchapa vibao vya kubandika, na ikapendekezwa kwa nia njema ahamie stoo kugawa sabuni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaomba jambo moja: mashine ichukue vibao vyote, yeye apewe ukuta wa ukumbi katika wodi mpya ya watoto, achore wanyama waliopanga foleni ya kumwona daktari. Mkurugenzi alikubali. Mimi nilikuwa na shaka, kwa sababu niliujua urefu wa ukuta ule, nao mkono nilikuwa nimeuona.

Akaanza na kitambaa chekundu, kama kawaida. Katika miezi ya mwanzo alichofanya kila asubuhi ni mstari mmoja tu kwenye plaiwudi, na mstari wenyewe ulikwenda upogo. Aliutazama mkono wake jinsi bibi anavyomtazama mjukuu anayejifunza kutembea. Ukichoka aliuweka mapajani na kuuacha upumzike. Mimi nilitaka ajikaze kisabuni, arudie, arudie tena. Aliniambia mkono uliotoka kuumwa haupigwi viboko. Polepole mistari ikanyooka, si kama zamani, lakini ikanyooka kiasi cha kuuendea ukuta.

Wakatokea ukutani tembo aliyefungwa bendeji mkongani, nyani mwenye kipimajoto kwapani, kobe aliyeugua mafua na pundamilia anayeogopa sindano. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa twiga. Siku ya ufunguzi wa wodi, twiga alikuwa na miguu minne, kiwiliwili na mkia, na basi. Wiki ile mkono ulikuwa umechoka na Bibi Brashi alikataa kuulazimisha. Wageni waheshimiwa walipita mbele ya mnyama asiye na shingo, wengine wakikohoa kidogo, naye alisimama pembeni amevaa gauni lake la buluu, ametulia, akiwaeleza walioomba maelezo kwamba kazi inaendelea.

Kesho yake ofisini palizungumzwa habari ya kumwita mchoraji wa nje aimalize. Aliyeizuia ni muuguzi mmoja wa wodi ile. Watoto walipomwuliza shingo ya twiga iko wapi, aliwajibu kwamba iko kwenye matibabu na itarudi kidogo kidogo. Ikawa kila asubuhi Bibi Brashi anaongeza kipande kisichozidi kiganja, na kila asubuhi watoto wanakwenda kukagua. Waliokuwa wamekataa kushuka kitandani walishuka. Msichana mmoja aliyevunjika mguu, ambaye mtaalamu wa mazoezi alikuwa amembembeleza mpaka maneno yakamwishia, alitembea kwa magongo hadi mwisho wa ukumbi ili ahakikishe mwenyewe kwamba hadanganywi. Mkurugenzi alimwona. Habari ya mchoraji wa nje haikutajwa tena.

Shingo ile sasa imefika juu. Nilimwonya mapema kwamba dari iko chini, akasema atamkunja, na kweli amemkunja, twiga wa watu anainama chini ya dari kama mtu mrefu anayeingia jikoni. Kinachokosekana ni kichwa. Nikihesabu kwa akili za useremala niliona wazi kwamba hatakimaliza kabla ya siku ya kustaafu. Basi asubuhi moja niliwahi, nikapanda ngazi, nikamchorea kichwa kwa penseli ili yeye ajaze rangi tu. Alikitazama kwa muda. Akanishukuru kwa dhati, akachovya kitambaa kwenye maji, akakifuta. Alisema nilichomchorea kilikuwa mbuzi.

Ofisi nayo ilijitolea kumwongezea miezi michache ya kazi. Alikataa kwa upole. Kustaafu ameshakubaliana nako, binti yake anamsubiri, mumewe amemtengenezea pembe ya kuchorea kibarazani na ameapa kutonung'unikia mashati. Niliumia kwa ajili yake, nikamwuliza anawezaje kuondoka akiwa amebakiza kidogo namna ile. Hakuonekana kuumia. Aliniambia kwamba mgonjwa hapoi kwa sababu likizo ya muuguzi imefika, na kwamba watu wa nje huingia wodini kila jioni, wakiwa na haki zote, katika saa za kuwaona wagonjwa.

Huo ndio mpango wake. Kila Jumatano jioni atakuja na brashi moja na kikopo cha rangi, kama ndugu yeyote anayekuja kumwona mtu wake, atakaa kadiri mkono utakavyoruhusu, kengele ikilia ataondoka. Kichwa kitaisha kitakapoisha. Watoto wameshaambiwa, na wanasema wanataka kope ziwe ndefu.

Bibi Brashi, kwa niaba ya karakana, wodi zote na kila aliyewahi kupotea njia ukamrudisha, ahsante. Kwa niaba yangu mwenyewe, ahsante kwa mbao zote ulizoniokotea. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, asubuhi tulivu, na mkono unaotii siku nyingi kuliko unazogoma. Nenda salama kwa mumeo na binti yako. Tumezungumza na mlinzi wa getini. Ukifika Jumatano, hatakuuliza unakwenda kumwona mgonjwa gani.