Moffat Wamae, Mtangazaji Aliyetafsiriwa kwa Mama Yake

Tarehe 30 Juni 1988, Bwana Moffat Wamae atarudisha funguo za chumba cha vipaza sauti baada ya kukitumikia Chama cha Michezo cha Mlimani kwa miaka ishirini na mitano. Kamati ya Sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya kumuaga, niwe mfupi, na nisiguse mambo ya lugha. Nitajitahidi kuwa mfupi.

Bwana Wamae ni mzaliwa wa Endarasha. Alifundisha shule ya msingi kwa muda, hadi mwalimu mkuu alipogundua kwamba somo lake la hesabu lilikuwa likifuatwa na madarasa yote, pamoja na wanawake waliokuwa wakipalilia viazi ng'ambo ya barabara. Alijiunga nasi mwaka wa Uhuru. Bendera mpya ilihitaji mtu wa kuwaambia watu wasimame, na yeye aliweza kuwaambia hata kipaza sauti kikiharibika, jambo lililotokea mara nyingi. Tangu siku hiyo hakuna mbio zilizoanza katika uwanja wetu wa Nyeri kabla hajatoa ruhusa.

Mafanikio yake ni mengi. Amewafunza watangazaji wa Karatina, Nanyuki na Embu. Mvua kubwa ilipotukatiza mwaka wa 1971, aliwazuia watu wasiende nyumbani kwa kuwasomea matokeo ya mwaka uliotangulia kana kwamba mbio zilikuwa zikiendelea, na wapo walioshangilia. Hata kwenye kantini yetu aliagiza chai kwa sauti ya sherehe, kiasi kwamba mpishi alizoea kumpa kikombe akiwa amesimama wima.

Utaratibu wetu wa sikukuu za taifa ulikuwa wazi. Tulitumia Kiingereza kwa ajili ya wageni wa heshima, ambao wengi wao walitoka Gakindu, papa hapa Nyeri, na Kiswahili kwa ajili ya umoja. Lugha za nyumbani zilibaki nyumbani. Bwana Wamae aliufuata utaratibu huo bila kosa, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Mama yake mzazi, Wachuka, hakukosa Siku ya Madaraka hata moja. Alifika mapema, akaketi jukwaa la upande wa mabwawa ya kuogeshea ng'ombe, kitambaa kichwani na kikapu miguuni. Kiingereza hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Alimsikia mwanawe akiwainua maelfu ya watu kwa neno moja, naye akainuka wa mwisho baada ya kutazama wenzake wanafanya nini. Alilalamika kwamba mtoto aliyemzaa alikuwa na maneno mengi sana huko uwanjani, na akifika nyumbani anauliza tu kama kuna chakula. Bwana Wamae alijaribu kumsimulia jioni aliyoyasema mchana, lakini hotuba iliyopashwa moto haina ladha. Mama alitaka kuyasikia yanapotoka.

Kwa bahati, pembeni yake aliketi Hodo, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, ambaye mwanawe Roble alikuwa mkimbiaji wetu wa mbio ndefu. Hodo alikuwa amejifunza Kikuyu sokoni. Basi kwa miaka mingi, Wachuka wa Endarasha alielezwa maneno ya mwanawe na mama wa Kisomali, kwa Kikuyu cha kununulia mbuzi. Bwana Wamae akinguruma kwamba mgeni wa heshima amewasili na itifaki imezingatiwa, Hodo alimwinamia mwenzake akamwambia kwamba watu wakubwa wameketi. Akitangaza kwamba mashindano yameahirishwa kwa muda kutokana na hali ya hewa, Hodo alisema, mvua. Ninawajua wahariri wa magazeti ambao wangemwajiri.

Mwaka wa 1966 Bwana Wamae aliiomba Kamati dakika mbili tu za Kikuyu katika ufunguzi. Aliomba tena mwaka uliofuata, na miaka iliyofuata huo. Mimi ndimi karani wa Kamati, kwa hiyo nilikuwepo. Kila mara ombi lake lilijadiliwa kwa Kikuyu tangu chai hadi jioni, likaandikwa kwa Kiingereza, na likakataliwa kwa Kiswahili. Mwenyekiti wetu, Bwana Kingori, ambaye naamini anausoma ukurasa huu kwa makini, alieleza sababu kwa ufupi: "Hiyo mambo ya lugha iko na shida. Leo tukipea Mkikuyu dakika, kesho Msomali naye anataka yake, halafu Mturkana. Sasa mbio zitaanza saa ngapi?" Naomba ieleweke kwamba mbio zetu hazijawahi kuanza kwa wakati katika lugha yoyote.

Mwaka wa 1985 tulitembelewa na chama cha riadha cha ng'ambo, ambacho kilikuwa kimetusaidia kupata vizuizi vipya vya kurukwa. Mmoja wa wageni aliuliza, katikati ya sambusa, kama wangeweza kusikia lugha ya wenyeji kwenye ufunguzi. Jambo lililoshindikana karibu miaka ishirini lilipita kabla sahani haijaondolewa mezani. Bwana Wamae akapewa dakika zake mbili, pamoja na ngozi ya mbega iliyokodishwa, ambayo alitakiwa aivae juu ya suti na tai.

Alipanda jukwaani, akaanza kuifasiri hotuba yake ya kila mwaka, akakwama kwenye salamu. Kwa Kiswahili alikuwa mtu wa taifa. Kwa Kikuyu hakuwahi kuhutubia mtu; Kikuyu chake kilikuwa cha nyumbani, cha kuulizana habari za usiku na ng'ombe aliyevunja ua. Niliona jasho likimshuka chini ya ile ngozi, nikamwonea huruma sana. Mwishowe akageukia jukwaa la upande ule akaita, "Maitu," yaani mama, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anamsikia, kama jua halimchomi, na kama amekula.

Wachuka akasimama. Akajibu kwa nguvu, na hapo tukajua sauti ile ilirithiwa wapi, kwamba anamsikia, kwamba amekula, na kwamba avue hiyo ngozi kabla hajaanguka. Uwanja mzima ukacheka, kisha ukapiga makofi ya kilo. Mama mwenyewe hakucheka. Alibaki amesimama, amekishika kitambaa chake, akilia bila kujificha. Wageni walipiga picha, na katika ripoti yao wakaandika kwamba walishuhudia maombi ya kale ya watu wa mlimani.

Kamati haiwezi kuachwa nyuma na mambo ya kale. Mwaka uliofuata programu ilikuwa na kipengele kipya, Salamu kwa Mama wa Mlima, dakika mbili, na Wachuka alitumiwa mwaliko wa kufanya mazoezi. Aliukataa, akiuliza ni nani anayefanyishwa mazoezi ya kumsikia mtoto wake. Alikuja siku yenyewe, akaitwa, akaitika, na mwaka huo Hodo alikaa bila kazi.

Wachuka alifariki mwanzoni mwa mwaka wa 1987. Kamati ilituma rambirambi nzuri, na katika mkutano huohuo ikapendekeza mama mwingine atafutwe kutoka kikundi cha ngoma, mwenye sauti, kwa kuwa kipengele kilikuwa kimependwa. Mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa akiomba na kukataliwa, siku hiyo alikataa yeye. Madaraka ya mwaka huo kipengele kilifutwa, kikawekwa wimbo.

Mwaka huu wale wageni walikuwa wakirudi, nasi tulimsihi atoe salamu tena. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asikodishwe mtu wa kumjibu. Bwana Kingori alimuuliza kimya kikitokea kitajazwa na nini. Bwana Wamae hakujua, na ninavyomfahamu, usiku huo hakulala.

Tarehe moja mwezi huu, Siku ya Madaraka, alisimama na suti yake tu, bila ngozi. Akaita kama alivyokuwa akiita, akauliza kama anasikika. Hakuna aliyejibu. Watu walitazama chini. Aliita tena, na safari hii sauti ilikatika, sauti ambayo haikuwa imekatika hata kwa mvua ya 1971. Nilimwona Mwenyekiti akimpungia mkono kiongozi wa bendi aanze.

Ndipo Hodo alipoinuka, mahali pake pa siku zote, nafasi ya pembeni yake ikiwa wazi. "Waan ku maqlayaa, hooyo," alisema, kwa Kisomali, na sauti yake si kubwa lakini ilifika. Bendi haikuanza. Bwana Wamae aliweka kipaza sauti chini akafunika uso kwa mikono yake miwili, na wakimbiaji wa mita mia nane walingoja kwenye mstari bila hata mmoja kulalamika.

Baadaye nilimuuliza Hodo kwa nini hakujibu kwa Kikuyu, na Kikuyu anakijua. "Hiyo yangu ni ya mbuzi," aliniambia. "Mtoto akiita mama, huwezi jibu yeye na lugha ya soko. Nilimwambia namsikia, nikamuita hooyo, mama, vile sisi mama tunaita watoto wetu." Kamati bado inajadili kama hilo lilikuwemo kwenye programu.

Mzee Wamae, asante kwa kutusimamisha na kutuketisha miaka yote hii. Asante kwa kuomba ulipojua utakataliwa. Twakuombea afya, mvua ya kutosha kwa viazi vyako Endarasha, na jioni ndefu zenye watu wa kuongea nao. Na kila utakapoita, pasikose wa kukuitikia.

Monicah Ngendo
Karani wa Kamati ya Sherehe