Elphas na Neno "Rudi"

Miaka ishirini na miwili ya kazi, na sasa halas, imetosha. Tarehe 30 Aprili Elphas Makokha anastaafu katika shamba letu la kondoo nje ya Riyadh na kwenda kwao Lugari. Mimi Duncan, dereva wa shamba, ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia maneno ya kumuaga, na ninaifanya shingo upande kwa sababu sitaki aende.

Alianza kama bawabu nyumbani kwa kafili wetu, yaani mwajiri aliyetudhamini, kule Aziziya, Jeddah. Kafili alipohamia Riyadh na kuanza kufuga, akaja naye. Mbwa wa kuchunga walipoletwa miaka sita iliyopita, Elphas akapelekwa mafunzoni pamoja na mbwa wake, Malkia. Siku ya kwanza yeye ndiye aliyewazunguka kondoo mbio, Malkia ameketi akimtazama. Mwalimu alicheka hadi akaangusha filimbi.

Lakini alijifunza, tena sana. Amri zote alizigeuza kuwa Kiswahili, na mpaka leo Malkia hajui Kiarabu. Kila mgeni wa kazi alifundishwa sheria moja aliyotoka nayo huko: amri husemwa mara moja. Ukiirudiarudia bure, mbwa anaizoea, na neno linabaki kelele tu.

Mwaka jana, saa ya chai, alifungua spika ya simu akizungumza na mkewe, Mama Ashley. Mama Ashley akamwambia rudi, kama alivyomwambia kila mwaka. Malkia, aliyekuwa akiingiza kondoo zizini hapo karibu, akawaacha mlangoni, akaja mbio na kuketi miguuni pa Elphas. Sisi tulicheka mpaka machozi. Elphas alimtazama tu yule mbwa, chai ikapoa. Baadaye aliniambia kwamba mkewe amelisema neno hilo miaka yote hiyo, na aliyelitii ni mbwa. Wiki hiyohiyo akaenda kwa kafili kuomba kuondoka moja kwa moja.

Asante, Mzee, kwa kutufundisha kazi bila kutufokea. Malkia tutamtunza. Ashley uliyemwacha mgongoni mwa mamaye atakupokea uwanja wa ndege, mtu mzima. Nenda salama, ukaishi vizuri na watu wako.

Ukishafika tutakupigia simu, na kuna neno tutakalotamani sana kukuambia, mimi wa kwanza. Tutalimeza. Lina mwenyewe.